Nguzo ya Baba Ziwani

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika saa nane mchana. Dada alinipokea getini, akaninyang'anya begi kana kwamba bado niko darasa la tatu, akanipitisha moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba kabla hata ya kunipa maji.

"Hesabu," akasema.

Nikahesabu hatua kutoka baraza hadi pale ardhi inapokatika. Tisa. Mwaka juzi, siku ya mazishi ya Baba, zilikuwa kumi na nne. Nilipokuwa mtoto hakuna aliyehesabu. Kulikuwa na kamba za kuanikia nguo, kisha banda la kuku, kisha matete marefu kuliko mtu mzima, kisha ziwa. Ziwa lilikuwa kitu cha kuendea. Sasa linakuja lenyewe.

Mvua bado.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala chumba cha Baba. Dada hajabadilisha kitu ila pazia. Viatu vyake viko chini ya kitanda, kamba zimefungwa.

Niandike yeye alikuwa nani, maana ndiyo desturi ya kazi yangu: kila mtu aelezwe mara ya kwanza anapotajwa. Baba alikuwa msoma kina wa ofisi ya maji. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alitembea hadi gatini, akatazama nguzo nyeupe yenye mistari myeusi iliyosimama majini, akaona maji yamefika mstari gani, akarudi kuandika. Aliandika mara mbili. Kwanza kwenye daftari lake la nyumbani, pamoja na lolote aliloliona njiani. Kisha kwenye fomu ya ofisi, yenye kisanduku kimoja tu kwa kila siku. Alifanya hivyo zaidi ya miaka arobaini na hakuruka siku. Mimi nimekuwa mwandishi wa habari miaka thelathini na sita, na sijui mtu mwingine ambaye neno lake ningelichapisha bila kuuliza mtu wa pili.

Baraza aliimwaga saruji mwenyewe. Kwenye kona kuna alama ya mkono wa Dada na ya mguu wangu. Tulichapwa kwa ajili ya alama hizo, kisha Baba akaziacha.

Jumatano, 5 Machi

Upepo. Hatua bado tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mkutano wa wakazi wa ukingoni, kwenye karakana ya fundi cherehani, jirani yetu wa kushoto. Tulikaa katikati ya suruali zisizo na miguu. Mhandisi ni binti wa miaka kama thelathini, buti za matope, sauti ndogo, hana haraka. Alibandika mchoro kwenye kioo cha kujipimia nguo.

Mpango ni ukuta. Vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, vimepangwa juu kuliko kichwa cha mtu, mita mia mbili na kumi kutoka gatini hadi mwisho wa kiwanja cha fundi. Ukingo wa udongo utachongwa kwanza na katapila ili mawe yakae sawa. Kazi inaanza Jumatatu ya tarehe kumi na nne Aprili.

Fundi alipiga makofi peke yake. Uzio wake uliingia majini Desemba pamoja na mlango.

"Wahenga walisema," akaanza, "usipoziba ufa..."

"Wewe huo ufa uliukata mwenyewe kwa panga," Dada akamkatiza. "Nani alifyeka matete ili wateja waone ziwa wakijipima?"

"Na wewe je, mama? Si ulifyeka yako kwa ajili ya nyoka?"

"Nilimwona nyoka."

"Mmoja!"

Watu walicheka. Niliuliza swali moja: yale mashimo kwenye ukingo, chini ya nyumba yetu, yatakuwaje?

Mhandisi alijua ninachouliza. Ni mashimo ya mdiria, ndege wa madoa meusi na meupe, yule anayesimama hewani juu ya maji kabla ya kujiachia kama jiwe. Hatagi mtini. Huchimba handaki kwenye ukingo wa udongo uliosimama wima, mikono miwili kwenda ndani, na kulea watoto humo.

"Yatafunikwa, mzee," akasema. Hakupambapamba. "Na kobe hawatapanda ukuta, na vifaranga vya samaki havina pa kujificha kwenye mawe makavu. Mimi nilisomea matete. Ningeweka magogo pale chini kuvunja mawimbi, nikapanda matete nyuma yake, nikauacha ule ukingo kama ulivyo. Lakini ziwa limepanda karibu nusu mita katika miaka miwili. Nikipanda matete leo, mwaka kesho yamezama. Takwimu haziniruhusu."

Mtu anayeniambia ubaya wa mpango wake mwenyewe, namwamini.

Njiani kurudi Dada alisema, "Ukuta ujengwe. Nimechoka kulala nasikiliza udongo."

Jumapili, 9 Machi

Nimehesabu mashimo kutoka majini, nikiwa nimekunja suruali. Sita. Matatu yana nyayo mpya mdomoni.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza, saa kumi jioni, dakika arobaini. Harufu ile ile. Nilijikuta nimesimama mlangoni kama tulivyokuwa tukisimama watoto wawili, tukingoja Baba arudi na mwavuli ambao hakuwa akiufungua. Alisema mwavuli ni wa jua.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Hatua nane na nusu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekaa juu ya Jiwe la Kobe, kama tulivyoliita. Liko majini hatua chache kutoka gatini, na kobe wa maji hulala juu yake wakijianika. Utotoni, mvua zikipamba moto, maji yalikuwa yakipanda hadi kubakiza kiganja kimoja cha jiwe. Kuna mstari wa chokaa unaoonyesha hapo.

Mstari uko pale pale, na maji hayajaufunika. Kama ziwa limepanda nusu mita, jiwe hili nalo limepanda nusu mita.

Nilimpigia simu mhandisi.

"Jiwe si kipimo, mzee wangu," akasema, kwa upole.

Ana haki. Ningekuwa mhariri nami ningeitupa habari hiyo.

Ijumaa, 21 Machi

Nilimwomba anitumie takwimu zenyewe. Ametuma. Ni wastani wa mwaka, mstari mmoja kwa kila mwaka. Wastani ni kama hotuba ya mgeni rasmi: haina uongo na haina habari. Ziwa linashuka ghafla, linakaa chini miaka mitatu na ushei, kisha linapanda. Linapanda kuanzia mwaka ule Baba alipofariki.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu alfajiri. Dada anasema nimeanza kutembea kama Baba, mikono nyuma. Nimeitoa mikono nyuma.

Jumamosi, 29 Machi

Hatua nane. Mdiria wanaingia mashimoni na kutoka bila kitu mdomoni. Nadhani wamelalia mayai.

Jumamosi, 5 Aprili

Hii nitaiandika yote.

Sebuleni kuna picha ya Baba niliyoipiga mwenyewe miezi mitano kabla hajafa. Amekaa barazani kwenye kiti chake, shuka magotini, darubini kifuani. Nimeitazama mara elfu. Asubuhi hii nilikuwa nafuta vumbi, kazi aliyonipa Dada ili nisikae bure, nikaiona nguzo nyuma ya bega lake. Nguzo nyeupe, mistari myeusi. Iko karibu, chini kabisa ya ukingo wetu, mtu angeweza kuirushia kokwa la tunda.

Nguzo ya utoto wangu ilikuwa gatini. Hatua mia mbili na zaidi kutoka hapa.

Dada alikuwa barazani anakunja mashuka. Nilishika ncha mbili za shuka tukawa tunakunja pamoja, tukisogeleana na kuachana.

"Dada, nguzo ya Baba nani aliihamisha?"

Aliendelea kukunja. "Unauliza kama ndugu au kama gazeti?"

"Sijui bado."

"Basi ngoja ujue."

Tulikunja mashuka mawili. La tatu akalishikilia bila kulikunja.

"Miguu yake ilikuwa imekwisha," akasema. "Wewe ulikuwa mjini na watu wako wakubwa. Kila asubuhi nilikuwa namshika mkono hadi gatini, hatua kumi anapumzika, hatua kumi anapumzika. Siku moja akaanguka njiani na watoto wa shule wakamcheka. Hakulia. Alisema, 'Kesho tutaanza mapema zaidi, wasituone.' Nikaona hapana. Wiki ile ofisi ilikuwa imemletea darubini ya zawadi ya utumishi. Nikamtafuta yule mvuvi wa ng'ambo, tukaing'oa nguzo mapema kabla hajaamka, tukaichimbia hapa chini. Alipoamka nikamwambia, 'Baba, ofisi wameisogeza, wanasema utasoma ukiwa umekaa.'"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ofisi wamefikiria jambo jema.' Akachukua darubini, akasoma."

Mvua ilianza kudondoka juu ya bati.

"Uliisimamisha kwa urefu ule ule?" nikauliza. "Maana chini pale ni kina kifupi zaidi. Nguzo ikisimama juu zaidi, maji yanaonekana yamefika chini zaidi."

"Mdogo wangu, mimi nilikuwa gizagiza ndani ya maji na mvuvi mwenye haraka. Niliisimamisha isianguke. Ndiyo urefu niliojua."

Kwa hiyo ziwa halikushuka. Nguzo ndiyo iliyopanda. Baba alipofariki ofisi walileta nguzo mpya. Faili ilisema gatini, wakaiweka gatini, wala hakuna aliyeuliza ile ya zamani ilifuata nini huku. Takwimu zikaruka. Wastani ukameza mruko. Mhandisi akachora ukuta.

Nilimweleza Dada hivyo, polepole. Alinisikiliza akikunja lile shuka peke yake.

"Wasipojenga ukuta, hii baraza inakuwaje?"

Nilimwambia ukweli. Matete huchukua misimu miwili kushika. Ukingo utaendelea kuliwa kidogo. Baraza itabidi ibomolewe.

"Na jina la Baba?"

Miaka mitatu ya mwisho ya maisha yake ya kazi ni takwimu za uongo, na mimi ndiye mwandishi wa habari wa familia.

Jumapili, 6 Aprili

Sijasema.

Jumatatu, 7 Aprili

Sijasema. Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Katapila imefika kwenye lori, imeshushwa karakanani kwa fundi. Dereva wake wanamwita Kijiko, kwa sababu husifiwa kwamba anaweza kukoroga chai kwa ndoo ya mashine. Mnene, mchangamfu, kofia ya sufi hata kwenye joto. Amekuja kukagua ukingo.

"Shikamoo mzee. Hawa ndege wana watoto?"

"Marahaba. Naona wameanza kuingia na samaki."

Alikuna kofia. "Jumatatu, mimi nikinyoosha tu mkono wa mashine, wanakwisha. Si kazi ya kuhadithia watoto nyumbani."

Dada alikuwa dirishani. Alisikia.

Ijumaa, 11 Aprili

Saa tatu asubuhi mhandisi alikuja kupigilia vigingi. Mimi nilikuwa nimeshika mwisho wa futi ya kamba. Fundi alikuwepo, Kijiko alikuwepo. Dada akatoka jikoni na aproni yake, mikono ina unga, akashuka hadi ukingoni. Hajashuka pale tangu mazishi.

"Mhandisi, mwanangu, simamisha kwanza. Ziwa halijapanda. Ni mimi."

Akasema yote, amesimama, mbele ya fundi ambaye hawajasalimiana vizuri tangu Desemba. Hakumtaja mvuvi wala mimi, na hakuomba radhi. Aliyoniambia juu ya watoto wa shule hakuyasema.

Nimeripoti kesi za mauaji, nimeripoti mafuriko mara tisa. Sikumbuki shahidi aliyenyooka hivyo.

Fundi alifungua mdomo. "Kwa hiyo mimi uzio wangu..."

"Uzio wako ulikufa kwa panga lako," Dada akasema. "Tulishamaliza hilo."

Mhandisi alikuwa ameinamisha kichwa anafikiri. "Mama, tofauti ni kiasi gani?"

"Sijui."

"Kadirio? Hivi? Hivi?" akaonyesha kwa mikono.

"Mwanangu, ningejua ningekuambia."

"Basi tuna shida." Alisema bila ukali. "Nikiandika kwamba vipimo vina kosa na sijui kosa ni kiasi gani, ofisi watafanya jambo moja. Watatupa miaka yote mitatu, watabaki na hofu, na hofu inajenga ukuta. Ninahitaji namba, na ushahidi wa namba. Hadi Jumapili jioni. Jumatatu Kijiko akianza, ukingo umekwisha."

Ile nguzo ya zamani ofisi waliing'oa wakaiuza chuma chakavu. Shimo lake limemezwa na ukingo. Mvuvi wa ng'ambo alihamia kwa binti yake, simu yake haipatikani.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kubwa. Nimepekua droo zote. Nakala za fomu za miaka ile mitatu, zote kwa mwandiko wa Dada. Mikono ya Baba ilikuwa imeanza kutetemeka. Kisanduku kimoja kila siku, namba moja. Hakuna kitu.

Saa tisa alasiri nilimuuliza, nikiwa nimekaa sakafuni katikati ya karatasi, yale madaftari ya nyumbani yako wapi. Yale aliyoandika mwenyewe.

"Yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda unacholalia. Lakini hayo si ya kina. Ya mwisho mwisho ni ya ndege."

"Ya ndege?"

"Alikuwa anaandika kina, halafu pembeni idadi ya ndege. Si ulimjua. Mdiria mashimo mangapi, korongo wangapi, fisi maji amepita wapi. Wakati najaza fomu nilikuwa nachukua namba ya kwanza tu. Fomu ina kisanduku kimoja. Ofisi hawakuuliza ndege."

Nilivuta sanduku. Nimelala juu yake siku arobaini bila kulifungua. Mwandishi wa habari huyo. Madaftari yamefungwa kwa kamba ya kiatu. Nikalitoa la mwaka nguzo ilipohamishwa, nikafungua Juni, mwezi alioutaja Dada.

Tarehe mosi: *1.82. Shwari. Korongo wawili.*

Tarehe mbili: *1.35. Shwari. Ziwa halishuki hivyo kwa siku moja. Nguzo imesogezwa. +47. Binti amesema ni ofisi. Sikuuliza zaidi.*

Tarehe tatu: *1.35 +47. Chai ya mapema, tamu.*

Tarehe nne: *1.36 +47.*

Na kuendelea. Mwandiko unazidi kutambaa kama chungu aliyechoka, lakini kila siku, pembeni, arobaini na saba.

Nilimwita Dada. Alikuja akiifuta mikono, akasoma akiwa amesimama, akasoma tena ameketi kitandani.

"Ulidhani ndege arobaini na saba kila siku?" nikamuuliza.

"Nilidhani hawahami."

"Miaka mitatu, Dada."

"Usinicheke. Wiki zile za mwisho alikuwa haoni hata mlango. Nilikuwa nasoma mimi, namwambia, 'Baba, moja nukta arobaini.' Ananiambia, 'Andika. Na pembeni arobaini na saba.' Nikasema masikini, anawakumbuka ndege wake."

Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto tumekamatwa, "Kwa hiyo alijua siku ile ile."

"Kabla chai haijapoa."

"Na akanisifia ofisi miaka mitatu!"

Akacheka hadi akashika mbavu. Mimi pia. Kisha hakuwa akicheka tena, na nilitoka kwenda kuweka maji jikoni, kwa sababu maji yalihitaji kuwekwa.

Jumapili, 13 Aprili

Katika kazi yetu chanzo kimoja ni tetesi. Nilimpigia mhandisi saa moja asubuhi nikamwomba atafute, sio wastani, bali siku zenyewe za wiki ile nguzo mpya ilipowekwa. Akaenda ofisini Jumapili, akamwamsha mlinzi.

Saa saba alipiga simu. Siku ya mwisho ya fomu yetu: 1.40. Kesho yake, nguzo mpya gatini: 1.87.

"Toa, mzee," akasema.

Nilishatoa.

Alikuja saa kumi na kulipiga picha daftari, kila ukurasa wa mwaka wa kwanza. Alisoma ile ya tarehe mbili Juni kwa muda mrefu kuliko picha ilivyohitaji.

"Huyu mzee hakuwahi kukosea hata siku moja," akasema.

"Waliokosea ni wajaza fomu," Dada akasema. "Kunywa chai."

Jumatatu, 14 Aprili

Katapila haikuwashwa. Kijiko alilala kivulini siku nzima, kofia usoni, analipwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Barua: mpango unapitiwa upya. Ofisi wanataka fomu zote zirekebishwe kwa mkono na kutiwa sahihi na mjazaji. Siku elfu moja mia mbili na tano.

Jumamosi, 19 Aprili

Dada anasoma, mimi najumlisha na kuandika. Tumefika mwisho wa Julai, mwaka wa kwanza.

Jumatano, 23 Aprili

Oktoba. Tunakwenda polepole kwa sababu Dada hasomi namba tu. *Mvua ya ubavu. Mdiria mashimo matano. Mtoto amepiga simu toka mjini, sauti ina mafua.* Mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili.

Jumapili, 27 Aprili

Mwaka wa pili, Machi. Mvua. Hatua saba.

Ijumaa, 2 Mei

Fundi cherehani amekuja na kikapu cha machungwa, akakaa. Akauliza kama matete yanauma nguo zikianikwa karibu. Dada akamwambia yanauma wanaoyafyeka. Akabaki hadi jioni akitusaidia kujumlisha. Anajumlisha vizuri, ni kazi ya kupima viuno.

Jumatano, 7 Mei

Tumemaliza. Siku ya mwisho, mwandiko wa Dada: *1.40 +47.* Ametia sahihi fomu zote. Mkono wake ulikuwa umevimba.

Jumatatu, 12 Mei

Imepitishwa. Magogo chini, matete nyuma ya magogo, mawe mafupi kidogo upande wa gati tu. Ukingo wa mashimo usiguswe. Na nyumba yetu isogee nyuma ya kigingi cha manjano, yaani baraza iondoke.

Dada alisoma barua mara moja. "Lini?"

"Alhamisi."

"Basi Jumatano nitapiga deki."

Na akapiga.

Alhamisi, 15 Mei

Kijiko alikuja saa mbili. Dada alitoa kiti cha Baba mwenyewe, akakiweka kwenye nyasi mbele ya nyumba, akakigeuza kisitazame.

Kijiko alimwuliza, "Mama, kuna kipande unataka?"

Akamwonyesha ile kona.

Sifa za Kijiko ni za kweli. Aliigonga saruji kuzunguka ile kona kama mtu anayevunja ganda la yai la kuchemsha, akaiinua kwenye ndoo, akaishusha taratibu. Ikapasuka ilipogusa ardhi. Mkono wa Dada kipande kimoja, mguu wangu kingine.

"Samahani sana, mama."

"Haidhuru. Hata wenyewe hawakai mji mmoja."

Saa sita ilikuwa imekwisha. Dirisha la chumba cha Baba sasa linatazama ziwa moja kwa moja.

Jumatatu, 19 Mei

Wanapanda matete. Mhandisi yumo majini hadi kiunoni na vibarua wake. Fundi anabeba mafungu, suruali ya kazi aliyojishonea, mifuko minane. Kwa mbali, vichipukizi ni kama nywele za mtoto aliyenyolewa vibaya.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua ya mwisho labda. Nyepesi, yenye jua.

Jumapili, 25 Mei

Naondoka kesho. Begi liko tayari. Dada amelifungua na kulipanga upya.

Jioni, jua likiwa bado juu, nilimwona ameketi nje kwenye kiti cha Baba. Amekigeuza, kinatazama maji. Darubini machoni, midomo inacheza. Nilidhani anasali, nikangoja. Watoto wa mdiria wametoka mashimoni wiki hii. Wanakaa mstari mmoja juu ya magogo mapya, wanarukaruka kila mzazi anapopita na samaki, na kuhesabu vitu visivyotulia si kazi ndogo.

Alishusha darubini, akaipandisha, akaanza upya.

Nilipokaa kwenye nyasi kando yake, alikuwa na daftari jipya magotini. Ameandika kina cha leo, kilichosomwa kwenye ile nguzo ya gatini ambayo ameitembelea mwenyewe asubuhi, hatua mia mbili na zaidi. Pembeni ameacha nafasi.

"Kumi na tisa," akasema. "Nimerudia mara tatu."

"Andika."

Akaandika.